Mbegu Zilizopakwa Mawese

Marcelina hakujua kuchukizwa kidogo. Akichukizwa, alichukizwa mwili mzima, kuanzia puani mpaka kwenye vidole vya miguu, ambavyo vilijikunja ndani ya ndara kana kwamba vinataka kukimbia. Nzi akitua kwenye sahani ya mgeni, yeye ndiye aliyeacha kula. Mtu akimwamkia huku anatafuna, aliitikia, lakini mkono hakutoa. Watu wa Mwandiga walikuwa wamemzoea. Walisema Mwalimu amestaafu, wanafunzi wameisha, sasa anatusahihisha sisi.

Lakini mvua zilipoanza kukata na mabonde kukauka kiasi cha kulimika, hao hao waliomcheka waligonga lango lake kwa adabu, wakiulizia mbegu za vitunguu.

Hawakusema mbegu za Marcelina. Walisema mbegu za Yona. Yona, mume wake, alikuwa bwana shamba, na kabla yake watu wa pale walijua kitunguu kama kitu kinachoshushwa kwenye treni ndani ya gunia, tayari kimeota mkia. Yeye ndiye aliyewaonyesha kwamba kinaweza kuanzia kwenye punje nyeusi nyuma ya jiko la mtu. Yona alipofariki, jina lake lilibaki kwenye mbegu, na Marcelina aliliona hilo kuwa heshima kuliko jiwe la kaburi. Kaburi hupaliliwa na jamaa. Jina la mbegu hupaliliwa na watu baki, tena bila kuombwa.

Basi alilitunza. Kila mwaka alichagua mwenyewe vitunguu mama, vile vya kuzalishia mbegu, vya mviringo, vyenye shingo nyembamba, akavipeleka Kalinzi kwa kaka yake Leonardi, kwa sababu kule juu kwenye baridi, kandokando ya kahawa, ndiko kitunguu hukubali kutoa ua. Huku chini kwenye joto la ziwa kingenenepa tu na kulala. Vichwa vya maua vilipokauka na kuanza kupasuka, vikaonyesha weusi ndani, alipanda bodaboda kwenda kuvikata. Hakutuma mtu. Alivipukuta juu ya shuka jeupe, akapepeta, akazitia mbegu kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, akaiweka chini ya kitanda, mahali pa baridi kuliko pote nyumbani.

"Mbegu ya kitunguu si mahindi," alizoea kuwaambia wanunuzi. "Haina subira. Mwaka ukipita juu yake, huna mbegu tena, una mchanga mweusi."

Kitalu chake kilikuwa nyuma ya jiko, kimezungushiwa mabanzi ili kuku wasiingie. Alichora mistari kwa kijiti, akadondosha mbegu kwa vidole viwili, akafunika kwa udongo mwepesi na nyasi kavu, akanyeshea asubuhi na jioni kwa kopo lenye matundu. Uzi wa kijani ulipotokeza ukiwa umejikunja kama goti, aliondoa nyasi jua likishazama, ili miche isiamke ghafla kwenye mwanga mkali. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kugusa kitalu kile kabla ya kunawa.

Jambo moja tu katika kazi hiyo halikuwa mikononi mwake. Siku ya kumaliza matanga ya Yona, wazee wa ukoo walikaa, wakasema nyumba ni ya mjane na watoto, jembe ni lake, shamba ni lake, ila mbegu ni ya ukoo, na mdogo wa marehemu lazima apewe bakuli lake kila msimu. Marcelina aliona ni jambo la ajabu, lakini hakubisha. Mjane aliyesoma akikataa mila, watu husema shule ndiyo iliyomharibu, na hasemwi yeye peke yake, kaburi la mumewe nalo husemwa. Kwa hiyo kila msimu alimjazia bakuli shemeji yake Dismasi, akamkabidhi kwa mikono miwili. Dismasi hakupanda hata punje. Alikaa nazo sokoni Mwandiga, miguu imenyooshwa, akiita wapita njia, "Mbegu za Yona, mbegu za kaka yangu."

Marcelina hakupenda ile miguu iliyonyooshwa. Lakini mbegu zilikuwa za kweli, akanyamaza.

Msimu huo picha ilianza kuzunguka kwenye simu za akina mama wa kikundi cha kilimo cha bondeni. Ilikuwa ya kitalu kisicho na kitu, udongo mtupu. Aliyeituma ni Diana, mama mwenye ulimi mwepesi, na chini yake alikuwa ameandika, "Makaburi ya vitunguu vya Astérie." Wenzake wakamwagia nyuso za kucheka. Marcelina aliitazama, akafunga simu, akaifuta kioo kwa kanga kana kwamba kicheko kile kiliacha mate. Watu wazima kucheka udongo wa mwenzao. Hata hivyo alishukuru kimoyomoyo kwamba hakuna aliyeuliza mbegu ile ilitoka wapi.

Kesho yake asubuhi Astérie alikuja mwenyewe. Alikuwa mwanamke mwembamba, aliyezaliwa pale pale kwa wazazi waliokimbia kutoka Burundi, na ingawa karatasi zake zote zilikuwa za Tanzania, watu wakikasirika naye walimrudisha Burundi kwa mdomo. Alipiga magoti kidogo langoni.

"Shikamoo, Mama Mwalimu."

"Marahaba. Umenawa?"

"Nimenawa, mama." Akanyoosha kifurushi kidogo cha nailoni. "Nimekuja kwa hii mbegu ya Yona. Niliinunua kwa Mzee Dismasi. Imelala tu chini, haiamki. Hii ndiyo iliyobaki."

Marcelina alihisi kitu kama kibanzi kikipita moyoni. "Ulifukia sana."

"Sikufukia. Nilipitisha kijiti juu juu, hivi."

"Basi ulimwagia ndoo nzima, ukazisomba."

"Nilitumia kopo la matundu, kama lako."

"Nyasi uliziondoa lini?"

"Niziondoe kwa nini, mama, wakati chini yake hakuna kilichotoka?"

Jibu lilikuwa la haki, na kwa sababu lilikuwa la haki lilimuudhi. Astérie akaendelea polepole. Siku ya kupandikiza ilikuwa imekaribia. Sheria ya kikundi ilijulikana, kwamba asiye na miche siku hiyo, tuta lake la kando ya mto hupewa mwingine, kwani maji hayamsubiri mtu. Alikuwa na tuta moja tu. Wenzake walikuwa wanasema mkono wake una mkosi.

"Naomba useme neno, mama. Wewe ukisema ni mbegu, watakubali."

Hapo Marcelina akainua kidevu. Kusema ni mbegu kulikuwa kusema ni Yona.

"Mbegu ya Yona haijawahi kukataa udongo," alisema. "Labda kweli kuna mikono ambayo kitunguu hakiipendi."

Astérie aliinama. Alikiweka kifurushi juu ya kizingiti, akaaga, akaenda zake.

Marcelina alikiokota ili awatupie kuku. Alipokifungua, mbegu hazikumwagika, zilishikana. Akazichota. Vidole viliteleza. Akavitazama, vilikuwa na weusi wa mafuta, na mbegu ya kitunguu haimpaki mtu rangi. Alipovileta puani, harufu ilimpiga mpaka machozi yakamtoka: mawese ya zamani, yaliyochemshwa na kuchemshwa tena, moshi, na chini yake samaki. Katikati ya mbegu kitu kilimetameta. Alikitoa kwa ncha ya pini. Lilikuwa gamba la mgebuka, samaki wa ziwani.

Alinawa kwa sabuni, akanawa kwa majivu, akakata limau akasugua. Harufu ilibaki kwenye kucha. Kuku aliyekuwa karibu alidonoa punje moja iliyoanguka, akatikisa kichwa, akafuta mdomo wake chini, akaondoka.

Angeweza kuishia hapo. Lakini alikuwa mwalimu, na hasira bila ushahidi aliiona kama uchafu mwingine. Akalowanisha vitambaa viwili. Kwenye kimoja aliweka mbegu za chupa yake, kwenye kingine hizo za Astérie, akavikunja, akavifunika kwa sahani mbali mbali, chumba kimoja joto moja. Siku zilipotimia alifunua. Za chupa zilikuwa zimetoa mizizi myeupe, safi kama nyuzi za cherehani. Za kitambaa cha pili zilikuwa zimelala kwenye ute wa kijivu, zimeota manyoya ya ukungu, na uvundo wake ulikuwa wa kisima alimofia panya. Alitoka nje, akashika mabanzi ya kitalu, akatapika.

Alipopata nguvu alivaa kitenge kizuri, akaenda kwa Dismasi.

Alimkuta barazani anakula ugali na migebuka, na mkewe Skolastika, ambaye alikaanga samaki wa kuuza kandokando ya barabara, alikuwa akimimina mafuta meusi kutoka kwenye karai.

"Karibu, shemeji. Nawa tule."

"Sitakula. Mbegu za msimu uliopita uliziweka wapi?"

"Zilizobaki? Pale juu." Alielekeza kwa kidole chenye mafuta kwenye dari ya jikoni, ambapo kifuko kilining'inia juu ya mafiga, kimekuwa cheusi tititi. "Mama yetu alihifadhi hapo mahindi na maharage maisha yake yote. Moshi hufukuza wadudu. Wewe unaziweka chini ya kitanda kama viatu."

"Mahindi, Dismasi. Ulipika mbegu ya kitunguu mwaka mzima."

"Zilikaa salama. Zilipauka kidogo tu, zikawa na vumbi."

"Ukazifanya nini?"

Dismasi alicheka, bila aibu yoyote, na hilo ndilo lililomkata Marcelina maini. "Nikazipaka. Shemeji, hata mtoto humpeleki kanisani amepauka. Unampaka mafuta, anang'aa, watu wanasema wazazi wake wanajiweza. Mafuta ya Skolastika yalikuwepo, sikuingia gharama."

"Mafuta ya samaki."

"Mbegu inajua samaki?"

Marcelina aliendelea kusimama. Kila kitu barazani pale kilimtia kinyaa: mfupa uliokuwa pembeni ya mdomo wa Dismasi, karai, nzi waliotembea juu ya ugali bila kufukuzwa. Akamwambia alichokiona kwenye kitambaa. Akamwambia lazima aende bondeni, aseme.

Dismasi akafuta mikono kwenye suruali. Uso wake ulibadilika, ukawa uso wa mtu anayeshauri.

"Sasa nisikilize, maana wewe ndiye uliyesoma. Nikisema mbegu mbovu, watasema mbegu za nani? Za Dismasi? Hakuna mbegu inayoitwa hivyo. Watasema za Yona. Umemzika kwa heshima, askofu mdogo alikuja, unataka umfukue kwa ajili ya Mrundi mmoja? Mkono wake una mkosi, yaishe. Wote wanakubali. Hata wewe nasikia umeshasema hivyo."

Hapo ndipo kinyaa kilipogeuka na kumwingia mwenyewe. Maneno yale yalikuwa yake. Aliyasema langoni kwake, na sasa yalikuwa yanatoka kwenye mdomo ule, pamoja na mafuta, yakilinda kifuko kile cha dari. Alijiona kama mtu aliyekunywa maji, kisha akaambiwa bata walikuwa humo.

"Hilo jina nililiweka safi ili watu wapate kuliamini," alisema. "Kama linalindwa kwa uongo, basi limeshaoza. Nami sikai na kitu kilichooza ndani ya nyumba."

"Utajuta, shemeji."

"Huenda. Lakini sitanuka."

Siku ya kupandikiza alishuka bondeni na kitambaa chake kwenye sahani, kimefunikwa. Akina mama walikuwa wameshasimama kando ya matuta, miche imefungwa vifungu kwenye mabeseni. Dismasi alikuwa amemtangulia. Alikaa juu ya jiwe na kuwaeleza jinsi mbegu za kaka yake zilivyo nyepesi, zinavyotaka mkono mtulivu. Astérie alikuwa amesimama mwishoni mwa tuta lake na jembe, beseni lake tupu, hatazami mtu. Mwenyekiti, Honorata, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, alikuwa anauliza nani analitaka lile tuta.

"Mimi nalitaka," Diana alisema. "Liko karibu na maji, na mwenye nalo analimia mizimu."

Wakacheka.

"Mama Honorata," Marcelina alisema, "kabla hujaligawa, nina neno."

Alifunua sahani. Hakuhitaji kueleza sana, upepo wa bondeni ulieleza. Wa kwanza kuinama alirudi nyuma na kutema mate. Wa pili aliziba pua kwa kanga.

"Nini hicho, Mwalimu? Umetuletea maiti?"

"Ndiyo. Ni mbegu alizouziwa Astérie. Zilikauka juu ya moto mwaka mzima, zikafa, halafu zikapakwa mawese ya kukaangia samaki ili zing'ae. Zimetoka kwenye ukoo wetu. Bakuli nilitoa mimi, kwa mkono wangu, na sikuuliza zilizobaki zinakwenda wapi. Mkono wa Astérie hauna mkosi. Nilimwambia unao. Nilisema uongo bila kuujua, na nilipoujua ndipo nimekuja."

Kisha mama mmoja wa nyuma, mpole, ambaye hakuwa na kawaida ya kusema, akasema, "Kumbe. Na zangu hazikuota."

"Na zako?" Honorata alishangaa.

"Nilinunua miche mjini. Niliogopa kuitwa mkosi."

Honorata akawazungusha macho wote. "Nani mwingine?" Mikono ikaanza kupanda, mmoja mmoja, kwa haya. Wa mwisho ulikuwa wa Diana, nao haukupita bega.

"Wewe?" Honorata alimuuliza. "Wewe uliyepiga picha?"

"Nilipiga ya kwake ili mtu asije kuangalia ya kwangu," Diana alisema, akiangalia beseni lake. Safari hii waliocheka walimcheka yeye.

Dismasi alishuka kwenye jiwe lake. Alipopita karibu na Marcelina alisema kwa sauti ya chini, ila si ya chini kiasi cha kutosikika, "Umemuua kaka yangu mara ya pili."

"Mimi nimemwosha," Marcelina alijibu. "Bakuli usilitafute tena. Waambie wazee waje waniulize, nitawafunulia sahani hii."

Kisha akawageukia wenzake. Kwenye kitalu chake kulikuwa na miche aliyoiotesha kwa ajili ya shamba lake mwenyewe, imefikia unene wa kalamu. Alisema ingetosha kwa Astérie na kwa wote walionyoosha mikono, fidia ya mbegu walizouziwa, naye mwaka huo shamba lake lingelala. Hakusema kwa upole. Alisema kama mtu anayetaka kuondoa taka kabla hazijanuka zaidi.

"Tunashukuru," Honorata alisema, baada ya kufikiri. "Lakini, Mwalimu, usituchukie. Kuanzia leo mbegu ya kwenu haishuki bondeni mpaka tumeijaribu wenyewe kwenye kitambaa. Ya kwenu kama ya mtu mwingine yeyote."

Zamani watu walichukua mbegu za Yona wamefumba macho. Neno lile "yeyote" lilimkaa Marcelina kooni kama kipande cha sabuni. Alilimeza.

"Ni haki," alisema.

Mchana ule wakamfuata nyumbani. Walinawa langoni bila kuambiwa, wakaingia nyuma ya jiko, na Marcelina akaloweka kitalu kwa maji ili mizizi isikatike. Aling'oa kifungu cha kwanza, akakung'uta udongo, akamkabidhi Astérie kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akimkabidhi shemeji yake.

Astérie alipokea kwa mikono miwili pia. Hakutabasamu wala hakumlaumu. Aliinua kile kifungu polepole mpaka puani, akavuta pumzi kwenye mizizi, akakigeuza, akavuta tena kwenye shingo za miche. Nyuma yake wengine walikuwa wamepanga foleni, wakingoja zamu yao ya kunusa.

Ilikuwa miche ya Yona, kwenye ua wa Yona, inanuswa kama samaki wa jana. Marcelina alitaka kusema neno. Akalishika banzi la kitalu, akasimama wima, akangoja Astérie amalize.